Filamu za slasha za zamani bado zinatuhusu, hasa sisi wa Mwanza

Mwaka 2018 Halloween, filamu ya kutisha ya muuaji mwenye kinyago, ilirudi kwenye kumbi za sinema ikiwa na mwigizaji yule yule wa mwaka 1978, Jamie Lee Curtis. Mwaka 2022 ikarudi Scream, na mwaka 2025 ikawa zamu ya I Know What You Did Last Summer. Katikati yake, Oktoba 2024, Terrifier 3, filamu ya bajeti ndogo iliyojaa damu kupita kiasi, iliongoza kwa mapato huko Marekani. Hapa Mwanza wimbi hilo limetufikia kwa njia ya siku hizi, yaani vipande vifupi vya kwenye simu: panga linashuka, damu inaruka, na chini yake watu wanajaza vicheko. Vingi ni vya filamu za miaka ya 1970 na 1980. Ninachokisikia kwenye vijiwe vya Mabatini, na hata kwa wanafunzi wa vyuo kule Nyegezi, ni kwamba filamu hizo zimepitwa na wakati, na ndiyo maana wenyewe wanazitengeneza upya.

Hapo tunakosea. Kinachochekwa kwenye simu ni mauaji, na ni kweli kwamba mengi ya mauaji hayo yamezeeka vibaya. Lakini zilizo bora kati ya filamu hizo hazikutegemea mauaji. Zilitegemea hali ya mtu anayeomba msaada mahali penye watu na asijibiwe, na hali hiyo inaihusu Mwanza ya leo kuliko ilivyoihusu Mwanza ya wakati kanda zake zilipoanza kuingia. Anayezihukumu kwa vipande vya sekunde thelathini anahukumu sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwa slasha namaanisha zile filamu ambazo muuaji mmoja, mara nyingi mwenye kinyago, anawawinda watu mmoja baada ya mwingine kwa kisu, shoka au panga, mpaka abaki msichana mmoja wa kupambana naye. Chimbuko lake wengi huliona kwenye Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Mwaka 1974 zikatoka mbili kubwa, Black Christmas ya Bob Clark kutoka Canada na The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper. Mwaka 1978 John Carpenter akatengeneza Halloween kwa dola kama laki tatu tu, kinyago cha muuaji kikiwa cha bei ya chini dukani, sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe. Ilipoingiza mamilioni, milango ikafunguka: Friday the 13th mwaka 1980, A Nightmare on Elm Street mwaka 1984, na nyuma yao msururu wa filamu ambazo nyingi hazikustahili hata kanda zilizorekodiwa.

Sisi tulizipokeaje? Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada yake, filamu ya kutisha ilikuwa kanda ya video kwenye kibanda umiza, imenakiliwa mara nyingi hadi picha imefifia, watu wamebanana kwenye mabenchi, jenereta linaunguruma nje. Na kuna jambo ambalo halitajwi tunapojadili kama filamu hizi zimedumu. Carpenter alipiga Halloween kwa picha pana sana, akamweka muuaji pembeni kabisa: nyuma ya kamba ya kuanikia nguo, kando ya uzio, kwenye giza la mlango upande wa kushoto huku msichana akilia upande wa kulia. Kanda za video zilikata pembe za picha ili ziingie kwenye televisheni ya mraba. Kipande cha simu kilichosimamishwa wima kinakata zaidi. Maana yake muuaji aliyewekwa pembeni ili tumwone kabla ya msichana hajamwona, mara nyingi hayupo kabisa kwenye picha tunayoitazama. Wengi wetu tunaosema tumeiona Halloween tumeona kipande chake cha katikati.

Ongeza watafsiri, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Nawaheshimu sana kina Lufufu na waliowafuata, maana ndio waliotufungulia sinema ya dunia kwa Kiswahili chetu wenyewe. Filamu ya mapigano inanoga mtafsiri akiisindikiza mwanzo hadi mwisho. Slasha inahitaji dakika ambazo hakuna anayesema kitu. Carpenter amesimulia kwamba aliwahi kumwonyesha ofisa mmoja wa kampuni ya filamu kazi yake ikiwa bado haina muziki, na ofisa huyo hakutishika hata kidogo. Ikabidi atunge mwenyewe ule muziki wa piano wenye mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea, na filamu ile ile ikawa kitu kingine. Sasa mtu anayeitazama kwa spika ya simu kwenye daladala ya Igoma, huku konda anaita abiria, atajuaje kama imezeeka au haijazeeka? Hajaisikia.

Hoja ya wanaozikataa inayopendwa kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba damu ni ya bandia na inaonekana ni ya bandia. Damu ya Psycho ilikuwa sharubati ya chokoleti, na ilifaa kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe. Halloween karibu haina damu. Hooper alipunguza damu kwenye Texas Chain Saw akitumaini itaruhusiwa kutazamwa na vijana wadogo, na ukiitazama kwa makini utashangaa jinsi chuma kinavyogusa mwili mara chache. Watu wanakumbuka damu ambayo haikuwepo, wameimwaga wenyewe vichwani mwao. Aliye na hoja ya damu ya bandia anazungumzia Friday the 13th na ndugu zake, nane kati ya mwaka 1980 na 1989, na hapo namkubalia bila ubishi. Filamu ambayo mtaji wake ni namna mpya ya kukata shingo itapitwa siku mtu mwingine atakapokata shingo kwa ufundi zaidi. Terrifier nazo zitapitwa kwa njia hiyo hiyo.

Hoja ya pili ina uzito kidogo: kwamba tunajua kila kitakachotokea. Tangu Scream ya mwaka 1996 iliposoma kanuni za filamu hizi kwa sauti mbele ya watazamaji, hakuna tena wa kushangazwa. Lakini slasha nzuri haikuwahi kukuficha. Halloween inakuonyesha muuaji mapema, mchana kweupe, amesimama barabarani. Wewe unajua, msichana hajui, na hapo ndipo penye mateso. Ndiyo maana kibanda kizima kinapiga kelele “geuka nyuma!” kwa mtu asiyeweza kusikia. Isitoshe, sisi tumelelewa na kanuni yetu wenyewe, kwamba steringi hafi. Mpeleke kijana aliyekulia kwenye kanuni hiyo akatazame Psycho bila kumwambia lolote. Atamfuata Janet Leigh aliyeiba dola 40,000 na kukimbia nazo, ataanza kumtakia heri, kisha kabla filamu haijafika katikati steringi amekufa bafuni, na filamu inaendelea bila yeye. Zaidi ya miaka 60 imepita na sijaona filamu nyingi zinazothubutu kufanya hivyo.

Kuna hoja ya simu ya mkononi, na hii naichukulia kwa uzito. Hadithi nyingi za zamani zingekwisha kwa ujumbe mmoja wa maandishi. Kwenye Black Christmas polisi wanataka kujua simu za vitisho zinatoka wapi, na fundi wa kampuni ya simu analazimika kukimbia kati ya safu za mitambo akifuatilia waya kwa macho. Kijana wa leo anaona makumbusho. Subiri lakini: jibu analolipata fundi ni kwamba simu zinapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile, na jibu hilo halijapungua makali hata chembe. Kabla ya hapo kuna jambo dogo linaloniuma zaidi. Msichana amepotea, wenzake wanakwenda kituoni, na askari wa mapokezi anawaambia pengine amejificha mahali na mpenzi wake. Simu ya kisasa ingebadilisha nini hapo? Kupiga si tatizo. Tatizo ni anayepokea.

Kuna ishara ambazo sisi tunazisoma vingine, na mchambuzi wa Marekani hawezi kuziona. Taa zikizimika kwenye filamu yao, ni muuaji amekata waya. Taa zikizimika Mwanza, mtu anawasha tochi ya simu na kuendelea na mchele. Ishara hiyo kwetu imekufa, ilikufa zamani. Kwa upande mwingine, vijana wa Texas Chain Saw wanaingia kwenye matatizo kwa kuwa kituo cha mafuta hakina mafuta, na wanayekutana naye njiani anaeleza jinsi mashine mpya za machinjioni zilivyowanyima watu kazi. Filamu ilipigwa kiangazi cha mwaka 1973, kwenye joto kali la Texas, na jasho lile si la kuigiza. Gari limesimama, mafuta hayapatikani, jua kali, familia iliyopoteza kazi: hakuna anayehitaji kuelezwa hayo huku kwetu. Wengi wa rika la vijana ninaowafahamu walianzia Wrong Turn ya mwaka 2003, ambayo ni mtoto wa moja kwa moja wa filamu hiyo. Wamtazame na mzazi.

Nimefika kwenye tukio linalobeba hoja yangu yote. Karibu na mwisho wa Halloween, Laurie, yule msichana anayewindwa, amejeruhiwa, ametoka mbio barabarani, anapiga yowe. Ni mtaa mzuri wa nyumba zilizopangana, bustani zimekatwa. Anakimbilia nyumba ya jirani, anabamiza mlango, analia wamsaidie. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Kisha taa inazimwa. Hakuna tone la damu linalomwagika katika tukio hilo, halijawahi kukatwa likawekwa kwenye kipande cha kuchekesha, na ndilo la kutisha kuliko yote. Nimeitazama filamu hiyo na vijana wa mtaani kwetu Pasiansi, kwa skrini pana na spika nzuri. Walicheka suruali na nywele kwa nusu saa nzima. Taa ile ilipozimwa walikasirika kabisa. “Jirani gani huyu?” aliuliza mmoja, na ubishi ulioanzia hapo ulitufanya tusimamishe filamu.

Hasira ile ina historia. Usukumani yowe ni wito wenye sheria yake. Mwano, yaani yowe hilo, ukipigwa, mwenye nguvu anatoka na alichonacho mkononi, na sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng’ombe, walijenga nguvu yao juu ya wajibu huo. Aliyebaki ndani wakati wenzake wametoka alitakiwa kujieleza na kulipa faini. Kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Bugarika, ambako nyumba zimeegemea mawe na ukuta wa mmoja ni uwanja wa mwingine, mtu hawezi kukohoa usiku bila jirani kujua. Mtazamaji aliyekulia hapo aliiona Halloween kama hadithi ya watu wa ajabu. Wanaishije wasijibizane? Kwa hiyo zile kanda za miaka ya 1980 zilipofika, kiini chake kilitupita. Tukabaki na kisu na kinyago, tukavicheka au tukavikimbia.

Mwanza hiyo inabadilika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja katika wilaya mbili tu za Nyamagana na Ilemela. Mji umepanda kuelekea Buswelu, Kiseke, Nyamhongolo, na upande wa pili kuelekea Luchelele. Huko watu wamejenga vizuri: ukuta mrefu, vipande vya chupa au waya juu, geti la chuma, kamera. Unaweza kukaa miaka bila kujua jina la wa nyumba ya pili. Ukisikia kelele usiku unajiuliza kwanza kama ni televisheni, pili kama ni ugomvi wa mke na mume usiokuhusu, tatu kama ni mtego wa vibaka wanaotaka ufungue geti. Silaumu watu kwa tahadhari hiyo, wengi wameifundishwa na kuibiwa. Ninachosema ni kwamba sasa tunaishi kwenye mtaa ambao Carpenter aliupiga picha mwaka 1978, na filamu yake imekuwa ya kutisha kwetu kwa mara ya kwanza. Haijazeeka huku. Imefika juzi.

Nisieleweke kwamba natetea kila kitu. Kuna mambo mawili ambayo filamu hizi zilikosea, na muda umezidi kuyaanika. La kwanza ni wagonjwa wa akili. Michael Myers, muuaji wa Halloween, ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, na Psycho inamaliza kwa daktari kueleza ugonjwa wa muuaji kana kwamba ugonjwa ndio unaoua. Miongo kadhaa ya filamu ilifuata njia hiyo, na nchi ambayo mgonjwa wa akili bado anafungwa kamba au kurushiwa mawe haihitaji somo hilo kutoka Hollywood. La pili ni wasichana. Hoja kwamba filamu hizi zinamwadhibu msichana mwenye mpenzi na kumwacha hai mwenye haya inawapata barabara waigaji wa miaka ya 1980. Mchambuzi Roger Ebert na mwenzake Gene Siskel walizishambulia mwaka 1980 kwa kosa hilo hilo. Lakini Ebert huyo huyo aliisifu sana Halloween, kwa sababu aliona tofauti. Laurie anabaki hai kwa kuwa yeye ndiye anayetazama dirishani na kutilia shaka. Mtaalamu Carol Clover, katika uchambuzi wake wa mwaka 1987, alikwenda mbali zaidi: wavulana wanaojazana kutazama filamu hizi wanamaliza wakiwa wamesimama moyoni na msichana, wakiogopa anachoogopa. Nadhani yuko sahihi kwa filamu nne au tano. Kwa zilizobaki alikuwa mkarimu.

Hoja nzito kuliko zote inatoka kwetu wenyewe. Kanda ya Ziwa imeona mapanga ya kweli. Wazee wanawake wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu anayesema hana haja ya kuburudika kwa panga baada ya hayo, sina la kumjibu na sitaki kumjibu. Nitasema tu kwamba hapa pia filamu hizi zimepungukiwa. Muuaji wao hana sababu na hana mteja. Waliotuumiza huku walikuwa navyo vyote viwili, na hawakuhitaji kinyago. Ajabu ni kwamba filamu niliyoidharau hapo juu ndiyo inayosogea karibu zaidi na ukweli wa ziwani. Katika Friday the 13th ya kwanza muuaji ni mama, na mwanawe alizama ziwani kwa sababu waliopaswa kumwangalia hawakumwangalia. Filamu yenyewe imetengenezwa kivivu. Lakini sisi tuliopoteza mamia ya watu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, kisha zaidi ya 200 kwenye MV Nyerere karibu na Ukara Septemba 2018, tunamwelewa mama yule haraka kuliko waandishi wake walivyotaka aeleweke. Nasikitika kila mara kwamba walimwachia dakika chache za mwisho tu.

Kwa mtazamaji, ushauri wangu ni mfupi. Anza na Black Christmas, kisha Halloween, kisha Texas Chain Saw, usiku, filamu nzima, picha ikiwa pana, simu ikiwa mbali. Elm Street itafuata vizuri kwa sababu jinamizi halina umri. Zile za nambari, sehemu ya tano na sehemu ya sita, waachie wakusanyaji.

Kwa watengenezaji wetu nina zaidi ya kusema. Bongo Movie iliwahi kuwa na hofu yake yenyewe. Katika miaka ya 2000 Nsyuka na Shumileta zilitisha watu kwa viumbe vilivyotoka kwenye imani zetu, na watu walizifuata. Tangu hapo kila ninapokutana na jaribio la slasha ya Kiswahili naona kinyago cha kuagiza na damu nyingi, yaani tumenakili sehemu iliyooza. Kilichostahili kuchukuliwa kutoka Halloween ni kazi ya Laurie. Yeye ni mlezi wa watoto wa jioni moja, wazazi wametoka, na saa chache baadaye angerudi kwao mtaa huo huo, ambako baba yake anajulikana. Mlezi wetu ni dada wa kazi. Ametoka Sengerema au Ukerewe, ana miaka kumi na minane au hajafikisha, analala kwenye nyumba ya Kiseke yenye geti ambalo funguo zake hana, na mtaa mzima hakuna anayejua jina lake, maana anaitwa dada. Baba na mama wamesafiri. Watoto wawili wamelala. Akipiga yowe, nani atafungua? Hadithi hiyo haihitaji kinyago, pengine haihitaji hata kisu mpaka dakika ya sabini. Picha yake simu ya kawaida inaweza kuibeba. Gharama kubwa itakuwa maikrofoni nzuri na mtu anayejua kurekodi mbwa wa mbali, geti likiguswa, na hatua za mtu aliyesimama nje ya ukuta akifikiria kama aingilie au aende zake nyumbani.